Kufuga kwa Kufuata Msimu: Mwongozo Kamili wa Shamba Dogo la Familia

Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga, mbuzi watatu walizaa ndani ya wiki moja, na wiki yenyewe mvua ilikuwa hainyamazi. Banda lilikuwa linavuja upande mmoja. Walizaliwa watoto watano. Asubuhi tukawakuta wawili wamekakamaa kando ya ukuta, manyoya bado mabichi. Jirani aliyekuja kutupa pole hakuligusia banda. Aliuliza tu: "Beberu mlimwingiza lini?" Sikuwa na la kujibu. Beberu hakuwahi kuingizwa, alikuwa akilala nao mwaka mzima.

Tangu hapo, msiba wa msimu ukitokea nahesabu miezi kurudi nyuma kabla ya kulaumu hali ya hewa. Mara nyingi nakuta kazi fulani iliyopaswa kufanyika zamani, wakati kila kitu kilionekana shwari. Basi hatua zinazofuata zimepangwa hivyo: kila kazi iko mahali inapopaswa kufanywa, si mahali faida yake inapoonekana.

Hatua ya 1: Uweke mwaka wako kwenye karatasi moja

Chukua karatasi, andika miezi 12, kisha weka alama nne: nyasi zinapoanza kuchipua, zinapokuwa nyingi kuliko mifugo inavyoweza kula, zinapoanza kugeuka manjano, na zinapokwisha. Usiandike majina ya misimu ya kwenye kalenda. Andika unachokiona malishoni kwako. Kwenye nchi za baridi kali, theluji hufanya kazi ileile ya kiangazi: nyasi hazioti na mnyama anakula ulichokiweka. Kwa hiyo hesabu ni ileile.

Kwenye karatasi hiyohiyo andika idadi ya wanyama, jike na dume, wakubwa na wadogo. Ibandike ndani ya mlango wa stoo, mahali kila mtu wa nyumbani anapita.

Hatua ya 2: Chagua siku ya kuzaa, ndipo umwite dume

Mimba ya mbuzi na kondoo ni takriban siku 150, kondoo akitangulia kidogo. Ng'ombe ni siku 283 hivi. Nguruwe ni 114, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Sungura ni 31. Kwa mayai, ya kuku huanguliwa siku ya 21, ya bata wa kawaida na bata mzinga siku ya 28, ya bata wale wakubwa wa kienyeji wenye uso mwekundu siku ya 35.

Mbuzi ndio wanaonifaa kwa mfano. Mama anahitaji majani mabichi akiwa ananyonyesha, si akiwa amebeba mimba changa. Lakini mtoto wa siku mbili hastahimili mvua ya upepo. Hivyo nafasi nzuri ni wiki chache baada ya nyasi kuchipua, mvua kubwa ikiwa imepungua. Tuseme kwako nafasi hiyo ni mwisho wa mwezi wa 4. Rudi nyuma siku 150 unafika tarehe 1 ya mwezi wa 12. Hiyo ndiyo siku ya kumwingiza beberu.

Ili kazi hiyo iende vizuri:

- Mtenge beberu angalau mwezi mzima kabla, mbali kiasi kwamba majike hawamwoni wala hawapati harufu yake. Atakaporudi ghafla, wengi watapata joto, yaani hamu ya kupandwa, ndani ya siku chache.
- Wiki mbili au tatu kabla ya kumwingiza, waongezee majike chakula kizuri. Jike anayenenepa hupevusha mayai zaidi kuliko anayekonda, na hapo ndipo mapacha wanapotoka.
- Mwache nao siku 42, kisha mtoe. Joto la mbuzi hurudi kila baada ya siku 21, la ng'ombe na nguruwe vilevile, la kondoo siku 17. Siku 42 zinampa kila mbuzi nafasi mbili, na wewe unapata wiki sita za uzazi badala ya mwaka mzima wa kukesha.

Kwa ng'ombe wa maziwa wa familia mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu huenda unataka maziwa yasikatike nyumbani. Ukiwa nao wawili, wapishanishe kwa miezi sita. Na kila mmoja akaushwe, yaani aachwe kukamuliwa, siku 60 kabla ya kuzaa, hata kama bado anatoa lita mbili tatu za kutamanisha. Kiwele kisichopumzika hulipiza uzao unaofuata.

Hatua ya 3: Kata nyasi zikiwa bado za kijani

Hapa ndipo familia nyingi zinapoteleza, na mimi nilikuwa mmojawapo. Nyasi zikiwa nyingi hakuna anayewaza njaa. Tunangoja zikauke zenyewe zikisimama, tunazikata, tunajisifu kwamba tuna rundo. Tulichonacho ni mabua. Nyasi ikishatoa mbegu imemaliza utamu wake wote. Ikate inapoanza kutoa maua.

Anza na hesabu. Mnyama anayecheua hula kwa siku chakula kikavu cha karibu asilimia 3 ya uzito wake. Mbuzi wa kilo 30 ni kama kilo moja. Ng'ombe wa kilo 350 ni kilo 10 na nusu. Ukiwa na mbuzi watano na miezi minne isiyo na malisho, hiyo ni kilo 5 mara siku 120, yaani kilo 600. Ongeza sehemu ya tano kwa ajili ya kinachomwagika na kukanyagwa, unapata 720. Ng'ombe mmoja peke yake, kwa hesabu hiyohiyo, anataka zaidi ya kilo 1,500. Ukishaiona namba hiyo utaelewa kwa nini rundo la mwaka jana liliisha mapema.

Kupima bila mzani mkubwa, tengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako wala mfuniko, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Tandaza kamba mbili chini, ncha zitoke nje, jaza nyasi kavu huku mtu akizikanyaga. Kwetu kazi hiyo ni ya watoto na hawajawahi kuikataa. Funga kamba, inua sanduku, umebaki na robota la kilo 20 hivi. Mbuzi wale watano wanahitaji marobota 36. Sasa unahesabu marobota, huhesabu matumaini.

Kata asubuhi umande ukishakauka, tandaza, geuza mara mbili kwa siku. Jua likiwa zuri, siku mbili au tatu zinatosha. Kujua kama zimekauka, chukua konzi moja, izungushe kama unakamua nguo. Mabua yakivunjika kwa mlio na kiganja kikabaki kikavu, funga. Yakipinda tu na kukuachia ubaridi mkononi, ngoja. Nyasi mbichi zikifungwa hupata ukungu na huchemka zenyewe kwa ndani, na rundo kubwa linaweza hata kushika moto bila kiberiti. Wiki ya kwanza baada ya kupanga, penyeza mkono katikati ya marobota kila jioni. Ukihisi joto, yatenganishe usiku huohuo.

Yapange juu ya magogo, yasiguse ardhi wala ukuta.

Kama kwako mvua haitoi siku tatu za jua, tengeneza saileji, yaani malisho mabichi yaliyochachushwa bila hewa. Mahindi yavunwe mti mzima, punje zikiwa laini kama unga uliokandwa, yakatwe vipande vya sentimita mbili tatu, yashindiliwe kwenye mifuko mizito ya plastiki au shimo hadi hewa yote itoke, yafunikwe yasiguswe kwa angalau mwezi. Ikiwa tayari hunukia uchachu mzuri. Iliyoota ukungu au kugeuka nyeusi usimpe mnyama, hasa mwenye mimba, anaweza kutupa.

Hatua ya 4: Wiki za mwisho kabla ya mvua

Kipindi hiki watu hungojea mawingu mikono mifukoni, na kumbe ndicho chenye kazi nyingi za mkono.

Paa kwanza. Ingia bandani saa sita mchana, funga mlango, tazama juu: kila nukta ya mwanga ni tone la baadaye. Chimba mfereji kuzunguka banda na uelekeze maji chini ya mteremko, mbali na kisima. Zoa samadi yote uipeleke shambani kabla haijaoshwa. Banda la mbuzi likiwa limeinuliwa, pitisha kidole kwenye nafasi za mbao za sakafu. Sentimita moja na nusu inatosha kinyesi kupita. Ikizidi hapo, mguu wa mtoto utanasa.

Kwato zinafuata. Mgeuze mnyama au mwegemeze ukutani, chonga ukuta wa kwato uliojikunja hadi ulingane na nyayo, kidogo kidogo, na usimame ukiona rangi ya waridi. Kwato za kiangazi ni ngumu kama mfupa, kwa hiyo wapitishe kwanza kwenye majani yenye umande.

Chanjo zinahitaji wiki mbili hadi tatu kabla ya kumkinga mnyama, ndiyo maana mahali pake ni hapa na si ugonjwa ukishafika kwa jirani. Muulize mtaalamu wa mifugo wa eneo lako ni magonjwa gani huja na mvua: kimeta, chambavu, mapele ngozi, sotoka ya mbuzi na mengineyo hayapo kila mahali. Kwa kuku, mdondo (wengine huuita kideri) uko karibu dunia nzima, na chanjo yake ya matone ya jicho hurudiwa kila miezi mitatu hadi minne. Wachanje usiku wakiwa wamelala, utaokoa saa mbili za kukimbizana. Mnyama anayeumwa hachanjwi.

Andaa pia dawa ya kupe, kwa sababu kupe huamka na mvua kama magugu.

Hatua ya 5: Mvua imeanza, mwangalie macho

Nyasi changa baada ya njaa ndefu zina hatari mbili za haraka. Ya kwanza ni tumbo kujaa gesi, hasa kwenye majani jamii ya kunde. Upande wa kushoto hufura kama ngoma, mnyama anahema, anajilaza na kuinuka. Mpe mafuta ya kula taratibu, mbuzi mililita 50 hadi 100, ng'ombe robo hadi nusu lita, mtembeze akipanda mteremko ili sehemu yake ya mbele iwe juu, na mwite daktari. Kuzuia ni rahisi zaidi: wape nyasi kavu asubuhi kabla ya kuwafungulia, na wiki ya kwanza wachunge saa moja au mbili tu. Hatari ya pili ni mtama uliochipua upya baada ya ukame. Machipukizi yake mafupi yana sumu ya sianidi, na huua kabla hujafika kwenye simu. Usiwafungulie humo hadi uwe umefika sentimita 75 au zaidi.

Kisha wanakuja minyoo, na hawa huua polepole. Mayai hutoka na kinyesi, huanguliwa, na wakati wa joto na unyevu ndani ya wiki moja viluwiluwi tayari vinapanda majani vikisubiri kulika. Vingi hukaa chini, sentimita tano za kwanza. Kutokana na hilo unapata kanuni tatu za malisho: wasitoke kabla umande haujakauka, wasile hadi kwenye udongo, na wahamishwe kipande kila baada ya siku nne au tano, wasirudi hapo kabla ya wiki sita hivi kupita. Ng'ombe wakipita nyuma ya mbuzi ni vizuri, minyoo mingi ya mbuzi haimdhuru ng'ombe mkubwa.

Dawa ya minyoo usiwape wote kwa pamoja kila mwezi eti kwa tahadhari. Ukifanya hivyo unabakiza minyoo iliyozoea dawa peke yake. Kila baada ya wiki mbili, washike mmoja mmoja mbuzi na kondoo, bonyeza kope la juu kwa kidole gumba, shusha la chini, tazama utando wa ndani kwenye mwanga wa jua. Ukiwa mwekundu, mwache aende. Ukiwa wa waridi hafifu, muweke kwenye orodha, na kama ana mimba au ni mdogo mtibu. Ukiwa mweupe kama karatasi, mnyoo anayenyonya damu amemmaliza: mpe dawa leo. Kuna kadi ya rangi iitwayo FAMACHA iliyobuniwa Afrika Kusini kwa kazi hii, na macho yako huzoea kadiri unavyowashika wanyama wengi. Uvimbe laini chini ya taya nao unasema jambo hilohilo. Pima uzito kabla ya kutoa dawa, dozi pungufu huzoesha minyoo dawa. Na heshimu siku za kutokunywa maziwa zilizoandikwa kwenye chupa.

Anayechechemea mwoshe kwato uangalie katikati ya vidole. Harufu ikikupiga, kwato zimeanza kuoza. Mkaushie sakafu, na kundi zima lipite kwenye beseni la maji yenye zinki salfeti, kilo 1 kwa lita 10.

Hatua ya 6: Usiku wa kuzaa

Wiki sita za mwisho ndipo mtoto tumboni hukua zaidi, huku tumbo la mama likibanwa asiweze kujaza nyasi. Muongezee chakula kizito kidogo kidogo, na jiwe la chumvi lisikosekane. Tahadhari moja: kondoo hastahimili shaba nyingi, kwa hiyo chumvi na chakula cha ng'ombe au mbuzi kisiwe chake.

Weka kwenye ndoo moja yenye mfuniko: matambara safi, iodini, glavu, tochi, sabuni, chupa yenye chuchu. Glavu si mapambo. Magonjwa kadhaa ya kutupa mimba humwingia binadamu, na mjamzito wa nyumbani asishike uzazi kabisa.

Jike akikaribia hujitenga, huparua chini, na misuli ya pande mbili za mkia hulegea hadi vidole vyako vinakaribia kukutana chini yake. Mtoto mzuri hutangulia na miguu miwili ya mbele, pua imelala juu yake. Mbuzi akisukuma kwa nguvu nusu saa bila kitu kusogea, au ng'ombe saa moja, piga simu. Usivute kwa hasira.

Mtoto akitoka, mfute pua na mdomo, mwache mama amrambe. Chovya kitovu chote kwenye iodini. Sasa mtie kidole mdomoni. Mdomo ukiwa wa moto, mpeleke kwenye chuchu. Ukiwa wa baridi, usimnyweshe chochote bado: mkaushe, mkumbatie ndani ya koti au mweke karibu na chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa, hadi kidole kihisi joto. Laiti ningelijua hilo mwaka ule.

Kinachofuata ni dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama. Mtoto huzaliwa bila kinga, na utumbo wake huipokea kinga ya mama kwa saa chache tu. Baada ya saa 24 mlango umefungwa. Anyonye ndani ya saa mbili, asivuke sita. Kwa siku ya kwanza apate asilimia 10 ya uzito wake: mbuzi wa kilo 3 mililita 300 kwa vipindi vinne au vitano, ndama wa kilo 35 lita tatu na nusu. Kamua ziada ya mama mwenye maziwa mengi uigandishe. Siku ya yatima itayeyushwa kwa maji ya vuguvugu, kamwe si kwenye moto. Kondo la nyuma usilivute. Likikawia saa 12 kwa mbuzi au 24 kwa ng'ombe, hiyo ni kazi ya daktari.

Jambo moja linalosahaulika: vibeberu watengwe na mama na dada zao wakifika miezi mitatu. Wanaonekana watoto, lakini wanaweza kupachika.

Hatua ya 7: Nyasi zikigeuka manjano, punguza

Uamuzi wa nani abaki ufanywe wanyama wakiwa wanene, si mbavu zikihesabika. Pitisha vidole juu ya uti wa mgongo nyuma ya mbavu: ukihisi ncha kali, huyo hatakimaliza kiangazi bila msaada. Wanaoondoka ni jike aliyekosa mimba misimu miwili, mwenye kiwele kilichougua mara kwa mara, na aliyekwisha meno. Linganisha na namba ya marobota. Kama yanatosha mbuzi wanne, basi ni wanne. Kwangu hapa ndipo pagumu, kwa sababu anayepaswa kwenda huwa ndiye aliyepewa jina na watoto.

Joto likizidi, maji ndiyo dawa. Ng'ombe wa maziwa hunywa lita 60 au zaidi kwa siku, mbuzi anayenyonyesha lita 4 hadi 8, kuku robo lita, na kwenye joto kali huongezeka karibu maradufu. Ndoo iwe kivulini na isuguliwe kila siku. Wapewe chakula alfajiri na jioni, maana kucheua nako kunapasha mwili. Sungura dume akikaa siku kadhaa juu ya nyuzi 30 hupoteza uzazi kwa muda, usimlaumu jike.

Kuku wana kalenda yao

Penye siku fupi za baridi, kuku hupunguza au huacha kutaga, na hunyonyoka manyoya; wape protini zaidi na uvumilivu. Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, kinachowayumbisha ni unyevu. Chuchumaa hadi kichwa chako kiwe urefu wa kuku, vuta pumzi. Ukisikia ukali machoni, badilisha matandazo leo, kwa sababu wao hulala humo. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, zikishuka kama nyuzi 3 kila wiki. Wakirundikana wana baridi, wakikimbilia kuta wamezidiwa na joto.

Daftari

Mtu mmoja alishike, wengine wamwambie. Andika tarehe ya dume kuingia na kutoka, waliozaa, waliotibiwa na kwa nini, siku ya mvua ya kwanza. Na siku hiyohiyo mvua inapoanza, kabla hamjasherehekea, mtume mtoto stoo ahesabu marobota yaliyobaki. Mwaka jana kwetu yalibaki matatu. Nikaandika kando: mwaka huu mbuzi mmoja zaidi, marobota 8 zaidi.